Kuchemsha kabichi kwa piki: wimbo wako wa kwanza wa kantri kwenye gitaa kavu

Mtu akikwambia anapenda kantri, hapa kwetu mara nyingi anamaanisha Don Williams au Kenny Rogers: sauti tulivu, maneno ya mapenzi na majuto, gitaa likijikokota huko nyuma. Nyimbo nzuri, nami ninazo kwenye simu. Ila kama unataka gitaa lenyewe liimbe bila kumtegemea mwimbaji, usianzie hapo. Anzia kwenye nyimbo za dansi za zamani za kusini mwa Marekani, zile za fidla na banjo. Ni fupi, zinajirudia, na kosa likitokea raundi hii, raundi ijayo iko njiani kukupa nafasi nyingine.

Ninaoupendekeza unaitwa "Boil Them Cabbage Down", yaani chemsha hizo kabichi mpaka zilainike. Mtunzi hajulikani, ni mali ya kila mtu. Mstari unaofuata unahimiza mikate ya unga wa mahindi igeuzwe isiungue, kwa hiyo wimbo mzima ni habari ya jikoni. Kwa fidla ndio wimbo ambao watoto wengi huanza nao huko. Kwa gitaa una bahati ya pekee ambayo utaiona mbele kidogo.

Zamani gitaa katika muziki huo lilikuwa la kushikilia mdundo tu. Maybelle Carter wa Virginia, aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na kundi la Carter Family, aliupeleka wimbo kwenye nyuzi nene kwa kidole gumba, huku kidole cha shahada kikipapasa nyuzi nyembamba. Baadaye akaja Doc Watson wa North Carolina, kipofu tangu utotoni. Bendi ya dansi aliyopigia miaka ya 1950 haikuwa na mpiga fidla, basi akalazimika kuzipiga nyimbo za fidla kwa gitaa la umeme, na miaka ya 1960 ulimwengu ukamsikia akifanya hivyo kwa gitaa kavu na piki moja (kile kipande kidogo kigumu cha kugongea nyuzi). Sisi tutachukua wazo la Maybelle na kifaa cha Watson.

Kama ulijifunza gitaa kwa mtindo wa Katanga kule Kongo, ule wa Mwenda Jean Bosco wa gumba na kidole cha shahada, wazo hilo si geni kwako: mkono mmoja unafanya kazi ya watu wawili. Tofauti ni kwamba sasa vidole hivyo viwili vimeshika kitu kimoja. Wala usidhani kantri imefika kwetu juzi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliporekodi wasichana wa Kipsigis kule Kenya, aliwakuta wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, waliyemsikia kwenye santuri. Wao walimwita Chemirocha.

Vifaa

Gitaa kavu lenye nyuzi za chuma. La nyuzi za nailoni litakufundisha, ila sauti itakuwa ya duara na ile ncha kali ya kantri hutaipata. Kama nyuzi ziko juu sana ya shingo mpaka vidole vinauma baada ya dakika tano, usijilaumu: mpelekee fundi azishushe. Mimi nilipoteza miezi kadhaa nikiamini nina vidole dhaifu, kumbe gitaa nililouziwa lilikuwa na nyuzi zilizosimama kama waya wa kuanikia nguo.

Piki iwe ngumu, milimita 1 au zaidi. Nyembamba inapepea kama jani la mgomba na kila noti inachelewa. Dukani ikikosekana, kata kadi ya benki iliyokwisha muda. Unene wake ni milimita 0.76, unavumilika. Ikate iwe pembetatu ya mviringo, sugua kingo kwenye sakafu ya saruji, kisha malizia kwenye kitambaa cha jinzi mpaka ncha iteleze. Hatua hiyo ya jinzi usiiruke, maana ncha yenye meno hukwaruza uzi na utasikia mlio kama panya darini. Kadi za vocha hazifai, ni laini mno.

Tuni gitaa kwa programu ya simu: E, A, D, G, B, E. Nikisema uzi wa kwanza namaanisha mwembamba, ulio upande wa goti lako. Wa sita ni mnene, upande wa kidevu.

Imba kwanza

Weka gitaa pembeni. Ukishawahi kuimba kwaya, solfa itakuokoa hapa, kwa sababu wimbo wote ni huu:

mi – fa – mi – re
mi – fa – mi, re – do

Basi. Noti nne tofauti. Uone kama nyumba ya vyumba vinane, kila chumba kina mapigo manne. Vyumba saba vya mwanzo vina noti moja moja, isipokuwa cha saba, ambacho kimegawanywa katikati: mapigo mawili ya mi, mapigo mawili ya re. Cha nane ni do, umefika nyumbani. Imba ukitembea, ukifua, ukiwa kwenye daladala. Asiyeweza kuuimba akapiga kwa kufuata namba za freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) atakuwa anasoma maandishi ya lugha asiyoijua.

Mkono wa kulia

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nakuomba ukae muda mrefu kuliko unavyotaka.

Kunja kidole cha shahada kama unataka kushika ufunguo wa mlango, laza piki juu ya ubavu wa kidole hicho, kisha gumba lilale juu yake. Ncha itokeze kidogo tu, milimita chache. Sehemu ya mkono iliyo chini ya kiwiko iegemee ubao wa gitaa, na kinachotikisika ni kifundo, wala si bega.

Sasa laza vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote bila kukandamiza, ili gitaa litoe "chaka" kavu isiyo na noti. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Kila namba mkono unashuka. Kila "na" mkono unapanda. Unaposhuka au kupanda, si lazima uguse nyuzi, lakini ni lazima uende. Umemwona mtu akipepeta mchele? Ungo hausimami kusubiri punje. Ungo una mwendo wake, punje ndizo zinazojipanga.

Mdundo tunaoutaka ni huu:

dum, chaka, dum, chaka

"Dum" ni pigo la kwanza: chini, uzi mmoja mnene peke yake. Mkono unapanda hewani bila kugusa kitu. "Cha" ni pigo la pili: chini, nyuzi tatu nyembamba. "Ka" ni ile "na" ya pili: juu, nyuzi mbili nyembamba, kwa mguso mwepesi. Kisha dum ya pigo la tatu na chaka ya nne. Kwa maneno ya mkono: chini, chini-juu, chini, chini-juu.

Watu wengi wanaharibu kwenye ile nafasi baada ya "dum". Mkono unagandia kwenye uzi kama nzi kwenye asali, halafu unakurupuka kuwahi "cha". Ukigandia, punguza mwendo mpaka uone kwa macho mkono ukipanda mtupu. Fanya hivyo dakika kumi kwa siku, siku tatu, bila kodi yoyote (yaani noti kadhaa zinazoshikwa pamoja). Inachosha, najua.

Mkono wa kushoto

Kodi ni tatu tu (nazungumzia kodi za gitaa, zile nyingine zina ofisi zake): C, F na G.

C: kidole cha pete kwenye uzi wa tano freti ya 3, cha kati uzi wa nne freti ya 2, cha shahada uzi wa pili freti ya 1.

F, ile ndogo: cha pete uzi wa nne freti ya 3, cha kati uzi wa tatu freti ya 2, cha shahada kilale juu ya uzi wa kwanza na wa pili freti ya 1. Kama kulaza kidole bado ni shida, bana uzi wa pili pekee na usiuguse wa kwanza kwa piki. Hakuna atakayekushtaki.

G: cha kati uzi wa sita freti ya 3, cha shahada uzi wa tano freti ya 2, cha pete uzi wa kwanza freti ya 3.

Sasa ile bahati niliyoahidi. Katika C, mi iko kwenye uzi wa nne freti ya 2. Angalia kidole chako cha kati kiko wapi ukishika C. Kiko hapo hapo. Fa ni uzi wa nne freti ya 3, ambapo kidole cha pete kimeshakaa ukishika F. Re ni uzi wa nne mtupu, nao katika G umeachwa wazi. Na do ya mwisho ni uzi wa tano freti ya 3, chini ya kidole cha pete cha C. Maana yake huhitaji kutafuta wimbo popote. Umo ndani ya kodi, wewe unaugusa tu kwa "dum".

Kuunganisha

Chumba kwa chumba, ukipiga "dum" mbili na "chaka" mbili kila chumba:

1. C: uzi wa nne, freti ya 2
2. F: uzi wa nne, freti ya 3
3. C: uzi wa nne, freti ya 2
4. G: uzi wa nne, mtupu
5. C: uzi wa nne, freti ya 2
6. F: uzi wa nne, freti ya 3
7. C kwa mapigo mawili (freti ya 2), kisha G kwa mapigo mawili (mtupu)
8. C: uzi wa tano, freti ya 3

Shika kodi yote kila mara, hata pale unapopiga uzi mmoja. Kosa la kawaida ni kuinua vidole vingine kwa kuwa "noti ni moja tu", halafu "chaka" inatoka na nyuzi zilizokufa.

Usianze chumba cha 1 ukaenda mpaka cha 8. Anza na kuhama. Piga chumba cha 1 na cha 2 tu, zungusha mara ishirini. Kisha cha 3 na cha 4. Cha 7 kipe siku yake peke yake, maana kodi mbili ndani ya chumba kimoja ndipo mkono wa kushoto unapoanza kumvuta wa kulia. Kodi ikichelewa, iache ichelewe! Mkono wa kulia uendelee na mwendo wake hata kama unapiga nyuzi tupu. Msikilizaji husamehe noti iliyokosewa mapema sana kuliko pengo.

Weka metronomu ya simu (programu inayogonga mapigo sawasawa) kwenye 60 kwa dakika, pigo moja kwa kila mlio. Ukiweza kupita nyumba nzima mara tatu mfululizo bila kusimama, panda hadi 65. Ukikwama, shuka 10 na si 5. Nilipokuwa najifunza nilikuwa nakaa chumba cha kupanga chenye ukuta mwembamba. Nilikaa kwenye 60 karibu wiki mbili, na mama wa jirani alisikia kila siku. Aliniuliza wimbo unasema nini, nikamwambia unasema chemsha kabichi. Akaniangalia. "Mwanangu, na hiyo kabichi yako haiivi tu?"

Chumvi kidogo

Wimbo ukishatembea wenyewe, ongeza kugonga kwa nyundo. Katika vyumba vya C, badala ya kupiga mi moja kwa moja, inua kidole cha kati, piga uzi wa nne ukiwa mtupu, kisha kabla sauti haijafa kidondoshe kidole hicho kwenye freti ya 2 kwa nguvu kiasi cha uzi kutoa mi bila piki. Unasikia "re-mi" iliyobanana. Ni kitu kidogo lakini ndicho kinachofanya sikio liseme "hii ni kantri". Usiweke kila chumba. Mimi naweka cha 1 na cha 5, basi.

Pia kuna ngazi ya besi ya kurudi nyumbani. Katika chumba cha 4, ukiwa G, badala ya mdundo wa kawaida piga noti moja kwa kila pigo: uzi wa sita freti ya 3, uzi wa nne mtupu ili re isipotee, uzi wa tano mtupu, uzi wa tano freti ya 2. Chumba cha 5 kikifunguka kwa C, utasikia mlango ulikuwa ukigongwa.

Tatu, tatu, mbili

Hadi hapa umepiga kwa mtindo wa Maybelle. Hatua hii inakupeleka kwenye piki yenyewe, noti nane sawasawa katika kila chumba, bila "chaka".

Shika C. Piga nyuzi kwa mpangilio huu: nne, tatu, mbili, nne, tatu, mbili, nne, tatu. Zimetimia nane. Wimbo uko kwenye uzi wa nne, nao unaangukia mahali pa 1, pa 4 na pa 7. Ukihesabu utakuta tatu, tatu, mbili, na kama umekulia kwenye rumba mwili wako unaujua mgawanyo huo kabla kichwa hakijauelewa.  Sisi tunaukuta nyumbani.

Ugumu uko kwenye piki. Kanuni ya chini-juu haibadiliki: chini, juu, chini, juu, mpaka noti ya nane. Kwa hiyo noti ya wimbo ya kwanza inapigwa chini, ya pili (mahali pa 4) inapigwa juu, ya tatu inapigwa chini tena. Hiyo ya juu ndiyo inayotoka dhaifu kila mara, na wimbo unasikika kama mtu mwenye mguu mmoja. Dawa: piga chumba kimoja cha C pole sana ukitia nguvu noti ya 4 pekee, kupita kiasi, kama unaikasirikia. Baada ya siku chache ipunguze ilingane na wenzake. Wapo wanaotumia chini-chini-juu, kama George Shuffler aliyepiga na Stanley Brothers, na inapendeza sana. Lakini ukianza na hiyo leo utauvuruga ule mwendo uliokugharimu siku tatu za chaka kavu.

Mpangilio ni huo huo kwa F na kwa G, vidole vya kushoto havina kazi mpya. Chumba cha 7, kwa kuwa kimegawanywa, piga nne, tatu, mbili, tatu kwa C, kisha nne, tatu, mbili, tatu kwa G. Cha 8 hamia uzi mmoja juu: tano, nne, tatu, tano, nne, tatu, tano, nne.

Raundi ya kwanza piga kwa dum-chaka, ya pili kwa tatu-tatu-mbili, ya tatu rudi dum-chaka. Tayari una mpango wa kusimama mbele za watu.

Ukikutana na fidla

Wapiga fidla wengi huupiga wimbo huu katika ki ya A (yaani A ndiyo do), na hawatahama kwa ajili yako. Kuweka kapo (kibano cha kubana nyuzi zote shingoni) ili C yako iwe A kungekupeleka freti ya 9, ambako hakuna nafasi ya kupumua. Suluhisho ni tamu kuliko unavyofikiri. Weka kapo freti ya 2 na ushike kodi za G, C na D (D: cha shahada uzi wa tatu freti ya 2, cha pete uzi wa pili freti ya 3, cha kati uzi wa kwanza freti ya 2). Freti zihesabu kuanzia kwenye kapo. Wimbo sasa uko kwenye uzi wa tano: freti ya 2, freti ya 3, freti ya 2, mtupu, freti ya 2, freti ya 3, freti ya 2 kisha mtupu, na do ni uzi wa sita freti ya 3. Linganisha na ile orodha ya juu. Namba hazijabadilika hata moja, nyumba nzima imehamia uzi wa jirani. Pale palipokuwa C weka G, palipokuwa F weka C, palipokuwa G weka D.

Tatu-tatu-mbili nayo inahama: tano, nne, tatu. Angalia tu D, kwa sababu uzi wa tano hapo ni mtupu na watu huusahau wakaanza na wa nne.

Mkiwa wawili, mmoja ashike kodi kwa dum-chaka ya kawaida, besi tu bila wimbo, mwingine apige wimbo. Anayeshika mdundo apunguze sauti kuliko anavyodhani inatosha. Kubadilishana hufanyika chumba cha 8: aliyekuwa anapiga wimbo anamtazama mwenzake kwenye pigo la kwanza, mwenzake anaitikia kwa kichwa, na pigo la kwanza la chumba cha 1 linakuwa lake. Ukikosa kumtazama, mtaingia wote wawili, au hataingia mtu.

Mwisho wa wimbo, piga chumba cha 7 na cha 8 mara mbili, kisha C moja, chini, nyuzi tano, na uiache ilie.